Feni Iliyonyamaza: Ufundi wa Nakivale Tangu Enzi za Redio

Wageni wanaokuja kuandika habari za Nakivale huanza na hesabu ya watu. Watakuambia makazi haya yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950, eneo lake ni takriban kilomita za mraba 185, na leo yana zaidi ya watu 180,000 kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Sina ugomvi na hesabu hizo. Ila mimi ni fundi wa kompyuta hapa Ngarama, na historia ya mahali hapa naisoma mezani pangu: nini kimeharibika, nani amekileta, na spea yake itatoka wapi. Siku hizi meza imetawaliwa na ugonjwa mmoja, laptopu inayochemka huku feni yake iko kimya. Ugonjwa huo una ukoo, na ukoo wenyewe ni mkubwa kwa umri kuliko kompyuta.

Ngarama imo wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, upande wa kuelekea mpaka wa Tanzania. Wenyeji ni Wanyankole wenye migomba na ng'ombe. Sisi wengine tumemwagika kutoka makazini, kwa sababu soko ni moja na vumbi ni moja. Mtu akitaja fundi wa Nakivale, huenda ni wa Ngarama, na wa Ngarama huenda analala Nakivale. Mji wetu mkubwa ni Mbarara, uliopewa hadhi ya jiji Julai 2020. Spea ziko huko. Ukitaka historia ya ufundi wetu kwa ufupi, uliza nani aliruhusiwa kwenda Mbarara, na alipofika alikuta nini.

Waliotangulia kufika hapa walikuwa Watutsi wa Rwanda waliokimbia machafuko ya 1959. Wazee wa Ngarama husimulia kwamba wengi walikuja wakiswaga ng'ombe. Redio zilifuata. Redio ndogo ya transista ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1954, mwaka uleule bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa Jinja. Umeme wa bwawa hilo ulichukua miaka mingi mno kuvifikia vijiji vya huku. Redio ya transista haikuungoja. Ilitaka betri tu, na betri zikilegea zilianikwa juani juu ya jiwe, zikapata nguvu ya taarifa ya habari moja zaidi. BBC ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu Juni 1957, Radio Uganda ilikuwepo, na usiku mawimbi ya Kigali yalivuka vilima bila kibali cha mtu. Redio ikinyamaza, nyumba nzima ilikosa habari za nyumbani. Basi mtu wa kwanza kuitwa fundi huku, mbali na seremala na mwashi, alikuwa mtu wa redio.

Sheria ya wakimbizi ya mwaka 1960 iliwataka wakae makazini, na kutoka kulihitaji ruhusa. Fundi aliyetaka kapasita moja hakuweza kudandia lori la ndizi akaenda zake Mbarara. Na hata aliyepata ruhusa hakuwa na uhakika wa kukuta kitu. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia kwa kuwapa siku 90, na maduka mengi ya redio, baiskeli na cherehani katika miji ya Uganda yakabadili mikono au yakafungwa. Februari 1979, katika Vita vya Kagera, majeshi ya Tanzania yaliingia Mbarara na sehemu kubwa ya mji ikabaki magofu. Oktoba 1982 Wanyarwanda wa Ankole walifukuzwa mashambani mwao, na maelfu wakasukumwa hadi makazi ya Nakivale na Oruchinga. Yaani, kwa zaidi ya miaka ishirini fundi wa huku alifanya kazi bila duka la spea.

Akafanya nini? Akaweka katoni. Kila redio iliyokufa iliingia katonini, na kila inayougua ilitibiwa kwa kiungo cha iliyokufa. Desturi hiyo haijaisha. Kwangu katoni liko chini ya meza, na vijana ninaowafundisha wanaliita makaburini. "Nenda makaburini ukanitafutie skrubu fupi ya milimita mbili," ndivyo tunavyosemezana, na wateja wageni hushtuka kidogo.

Baada ya 1994 Watutsi wa zamani walirudi Rwanda kwa wingi, na ujuzi wao ukaondoka nao. Waliojaza nafasi ni watu wa Kongo, na hapo ndipo naingia mimi. Baba yangu alikuwa na meza ya redio Kadutu, mjini Bukavu. Hakujaliwa mtoto wa kiume mkubwa, kwa hiyo chuma cha kulehemu nilikishika mimi. Alikuwa na utaratibu ambao mteja aliudhania uchawi: kabla ya kuchukua mita, alisikiliza. Transfoma inavuma au haivumi? Spika inakoroma au imekufa kabisa? Kisha akagusa transista moja moja kwa ncha ya kidole, akitafuta ile iliyo moto kuliko wenzake. Mita ilikuja mwisho, kuthibitisha alichokwisha kukijua. Juni 2004 waasi walipoiteka Bukavu tuliondoka, na tulipotulia tulikuwa Nakivale. Baba alikuja na vidole vyake na masikio yake. Mita ilipotelea njiani.

Mambo mawili yalibadilika karibu kwa pamoja. La kwanza ni sheria. Mwaka 2006 Uganda ilipitisha Sheria mpya ya Wakimbizi, na kanuni zake zikatoka 2010. Mkimbizi akatambuliwa kuwa na haki ya kufanya kazi, kufungua biashara na kutembea nchini. Wasomi wa Chuo Kikuu cha Oxford walipochapisha ripoti yao ya mwaka 2014 kuhusu uchumi wa wakimbizi nchini Uganda, Nakivale ilikuwa moja ya sehemu walizochunguza, na dunia ikashangaa kusikia kwamba wakimbizi wanafanya biashara na kuajiri hata wenyeji. Sisi hatukushangaa. La pili ni simu. MTN ilianza kazi Uganda mwaka 1998, na muda si mrefu Nokia za tochi zilitapakaa hadi kwa wachunga ng'ombe. Fundi wa redio akageuka fundi wa simu karibu bila kujua. Paneli moja ya jua na ubao wa soketi vilitosha kumfanya mtu awe na kibanda cha kuchaji.

Laptopu zilikuja kwa njia tatu. Umoja wa Mataifa ulianzisha vituo vya kompyuta kwa wakimbizi, na Nakivale ikapata chake. Wafanyabiashara wa Kisomali wa Base Camp ya Nakivale, wenye ndugu Kisenyi kule Kampala, Eastleigh kule Nairobi na Dubai, walileta za mtumba. Na Mbarara kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichoanzishwa 1989. Kila mwaka wahitimu huuza laptopu zao zilizochoka, nazo hushuka bei hadi zinafika huku. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, friji na televisheni zilizokwisha kutumika, ikiogopa nchi kuwa jalala. Hofu hiyo ilikuwa ya haki. Lakini laptopu za mtumba hazikukauka sokoni, na asingekuwepo wa kuzitibu ndipo zingekuwa taka kweli.

Ndani ya mzigo huo mlikuwa na maradhi yaliyotoka kiwandani. Julai 2006 Ulaya ilianza kukataza madini ya risasi katika vifaa vya umeme, na viwanda vikahamia kulehemu bila risasi. Kazi ile ilitaka uzoefu ambao wengi hawakuwa nao bado. Miaka ileile baadhi ya chipu za picha za laptopu zilikuwa na viungio dhaifu: zikipata moto na kupoa, moto na kupoa, zinapasuka kwa chini mahali jicho halifiki. Julai 2008 kampuni ya Nvidia ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya gharama za chipu hizo. Hapo wengi wetu tulijifunza kwamba katika laptopu, joto ndilo muuaji. Virusi husingiziwa tu.

Na joto hilo halikuwepo tangu mwanzo. Kompyuta za kubebeka za miaka ya 1980 nyingi hazikuhitaji feni. Prosesa zao zilikula umeme kidogo. Baada ya Pentium ya 1993 mambo yalibadilika, na viwanda vikaanza kupachika feni nyembamba kama sahani ya chai pembeni mwa bodi. Pamoja nayo likaja bomba la shaba lililobapa, ambalo mteja hudhani ni kipande cha chuma kitupu. Ndani ya bomba hilo mna maji kidogo. Upande wa prosesa maji yanachemka, mvuke unakimbilia upande wa feni, unapoa, unarudi kuwa maji na kunyonywa hadi ulikotoka. Teknolojia hiyo iliendelezwa Los Alamos, Marekani, mwaka 1963 na George Grover, kwa ajili ya vyombo vya anga za juu. Leo iko Ngarama, imezibwa na manyoya ya blanketi.

Ninapenda sana kisa cha Apple III. Mwaka 1980 Steve Jobs hakutaka kompyuta hiyo iwe na feni. Alitaka iwe kimya. Ikawa kimya kweli, ikapata joto, na chipu zikawa zinachomoka kwenye soketi zao. Ushauri uliotolewa kwa wenye mashine ulikuwa kuinyanyua kidogo juu ya meza na kuiachia idondoke, ili chipu zijirudie mahali pake. Mteja akinicheka kwa kugonga redio kofi, namsimulia hicho kisa.

Sasa tuje kwenye feni iliyonyamaza. Kijana anaingia, kwa kawaida mwanafunzi. Ananiamkia, anaweka mashine mezani.

"Mama Fundi, inazimika yenyewe. Nadhani ina virusi."

"Inazimika baada ya muda gani, mwanangu?"

"Nikifungua video tu."

"Na ile sauti ya upepo, bado unaisikia?"

Hapo ananyamaza. Hajawahi kufikiri juu yake. Wengi hufurahi kelele zinapokwisha, wakidhani mashine imepona. Haiungui papo hapo, ndiyo maana hawagundui. Mwaka 2001 wachunguzi wa tovuti ya Tom's Hardware waliondoa vipoza-joto juu ya prosesa zilizokuwa zikifanya kazi: Pentium 4 ilipunguza kasi ikanusurika, Athlon za wakati ule ziliungua mara moja. Tangu hapo prosesa zote za maana hujilinda. Zikikaribia nyuzi joto 100 zinatembea polepole, na zikizidi zinakata umeme. Kwa hiyo mtu analalamika kwamba mashine ni nzito, anafuta programu, anaweka dawa ya virusi, anamlipa mtu aweke Windows upya, na muda wote huo tatizo ni upepo.

Kwangu kazi inaanza kabla ya bisibisi. Naiwasha, naweka sikio, kisha naweka kipande cha karatasi ya sigara kwenye tundu la kutolea hewa. Karatasi ikicheza, feni inazunguka lakini hewa haitoshi. Isipocheza, nasoma kioo: baadhi ya ThinkPad huandika wazi kwamba feni ina hitilafu na zinagoma kuendelea, na HP nyingi huonyesha namba 90B. Mashine hizo hazibahatishi. Feni ina waya mmoja, mara nyingi wa njano, ambao kazi yake ni kupeleka habari ya mzunguko kwenye bodi. Bodi isipopata habari, inahesabu feni kuwa imekufa hata kama inazunguka.

Kisha nafungua. Betri kwanza, daima betri kwanza. Kati ya feni na mapezi ya shaba nakuta kile ambacho barabara ya murram imeandika kwa miezi: tabaka la vumbi jekundu lililoshikana na nyuzi za blanketi na moshi wa mkaa. Isingiro ni kavu, na kati ya Juni na Agosti magari ya mashirika hupita yakiacha ukungu mwekundu unaoingia hadi kwenye sukari. Watu husomea kitandani kwa sababu nyumba haina meza, na blanketi huziba tundu la chini. Mende nao hupenda pale, pana joto. Tabaka hilo hutoka zima kwa kibano. Mafundi wenye haraka hupuliza kwa pampu ya upepo kupitia nje, na hilo hulirudisha vumbi ndani; tena feni ikipulizwa bila kushikwa huzunguka kuliko ilivyokusudiwa, ikaharibu beringi yake na hata kurudisha umeme kwenye bodi. Shika feni kwa kijiti cha kiberiti, ndipo upulize.

Likiisha vumbi, naizungusha kwa kidole. Ikizunguka kwa ulaini na kuendelea kidogo baada ya kuiachia, beringi ni nzima. Ikisita, mafuta yake yamekauka. Feni nyingi za zamani zina stika katikati; unaibandua, unatia tone moja la mafuta ya cherehani, unaizungusha, unarudisha stika. Si mafuta ya kupikia! Nimepokea feni zilizotiwa mafuta ya alizeti, na baada ya mwezi zilikuwa zimegandamana kama zimetiwa gundi.

Baada ya hapo napima kwa umeme wa nje. Feni ya laptopu kwa kawaida hutumia volti 5, na volti 5 ndizo zinazotoka kwenye waya wa USB. Nakata waya wa simu uliochakaa, nagusisha nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi. Feni ikinguruma, si yenye kosa. Kosa liko kwenye soketi yake, kwenye njia za bodi, au kwenye programu ya ndani inayoiamuru. Isiponguruma hata kwa kusukumwa, naitangaza imekufa na kijana anatumwa makaburini kutafuta ya aina hiyo. Kabla ya kufunga nasafisha pesti kuukuu juu ya prosesa, ambayo kwa kawaida imekauka na kuwa unga, na kupaka mpya, kiasi cha punje ya mchele. Wanaopaka kama siagi kwenye mkate wanaharibu pesti.

Je, katika yote hayo, mita nimeitaja wapi? Utaratibu ni wa Kadutu: sikio, kidole, kisha kipimo. Wenzangu wa Mbarara, karibu na High Street, wana mashine za hewa moto, darubini na makabati ya spea, na kwa kazi ya chipu mimi mwenyewe huwapelekea. Lakini kwa feni wana tabia inayonikera. Kwa kuwa spea ipo, hawaulizi. Wanatoa, wanaweka mpya, wanapokea fedha. Feni nyingi zinazotupwa Mbarara zinahitaji tone la mafuta tu, na mimi huziokota.

Mashule ya Uganda yalipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona na kutofunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, laptopu zilizokuwa zimelala sandukuni zilirudi kazini, na nyingi ziliangukia mezani kwangu. Mwaka 2025 mgao wa chakula wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) ulipokatwa kwa wakimbizi wengi nchini, zile zile zikarudi tena, safari hii wenye nazo wakitaka ziwe nzima ili waziuze. Nilitengeneza, nikanyamaza.

Upande wa viwanda, tunarudishwa alikotaka Jobs. Mwishoni mwa 2020 Apple ilitoa MacBook Air isiyo na feni kabisa, na safari hii prosesa ina uwezo wa kuvumilia. Kwa watu wa vumbi hiyo ni habari njema, ila itachukua miaka mingi kabla haijashuka bei hadi kufika Ngarama. Kinachofika sasa ni laptopu nyembamba ambazo feni yake imezibwa bila stika, na betri yake imegundishwa, ili fundi asiguse. Hizo sizipendi, na simshauri mkimbizi kuzinunua. Chukua ThinkPad nene ya mtumba yenye skrubu zinazoonekana.

Na ukishaichukua, usomee juu ya ubao au trei, blanketi libaki la kujifunika. Siku feni ikianza kukwaruza au kulia, ilete wakati bado inalia. Tone la mafuta ni nafuu kuliko bodi, na mimi niko Ngarama siku zote isipokuwa ya soko la Mbarara.